"Nesi, Umekosa Kazi?": Kuhusu Kile Kigari Mezani Kwangu

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya kigari chekundu chenye boneti nyeusi, kimekaa juu ya gazeti, mlangoni kina namba 11. Sikuandika maneno, niliweka picha tu kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Kumbe nimechokoza nyuki.

"Nesi, umekosa kazi?" "Mtu mzima na midoli!" "Hiyo hela si ungenunua pampasi?" Mmoja kaniuliza kama baba watoto anajua. Anajua, dada yangu, ndiye aliyenishikia tochi. Na mmoja, huyu nimempenda, kaandika hivi: "Wewe si ndiye unatufundisha kila siku vitu vidogo viwe mbali na mtoto? Sasa hiyo gundi na vile vipande na kichanga ndani ya nyumba imekaaje?"

Huyo wa mwisho ana haki, na nitamjibu kwa urefu kuliko wote, maana jibu lake limenigharimu. Ila niseme kwanza msimamo wangu ili msiuvizie mwishoni. Mimi naona mama mwenye mtoto mdogo anastahili kuwa na kazi moja ya mikono isiyomhusu mtoto. Yake mwenyewe. Na kama kazi hiyo ina hatari kidogo, iwekewe utaratibu, isiwe sababu ya kumnyang'anya.

Sasa kwa wasioelewa ni kitu gani. Sio gari la kuchezea la dukani. Ni modeli, gari la kweli lililopunguzwa kwa vipimo. Yangu ni ya 1 kwa 24, yaani kila kitu kimegawanywa mara 24. Gari lenyewe lina urefu wa mita 4 na kidogo, mezani kwangu linatoka sentimita 17. Tairi ni kama sentimita 2 na nusu. Sasa fikiria kitasa cha mlango. Fikiria kioo cha taa.

Linakuja kwenye boksi likiwa vipande, vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama matunda kwenye tawi, na kila kipande kina namba yake pembeni. Unakata, unapiga tupa, unasugua na msasa, unapaka rangi, unasubiri, unagundisha, unasubiri tena. Kimenichukua miezi saba, vipindi vya nusu saa nusu saa, mara nyingine dakika kumi tu mtoto kashaamka.

SEHEMU YA 2

Kwa nini gari hili? Kwa sababu ya baba yangu.

Baba kakulia Usambara. Enzi hizo mashindano ya magari ya East African Safari yalikuwa yanapita nchi zetu wakati wa Pasaka, na Pasaka mnajua inaangukia masika. Barabara ni tope. Baba alikuwa kijana mdogo, wanatoroka na wenzake wanakaa juu ya ukingo wa barabara kuanzia alfajiri, mvua inawanyeshea, wanasubiri. Gari linasikika kabla halijaonekana, lipo kona tatu chini, linapanda. Halafu linapita, linawamwagia tope, limeisha. Sekunde chache. Wanasubiri lingine. Anasimulia hivyo tangu nina akili, na kila mwaka tope linazidi kuwa jingi.

Gari analolisema siku zote ni Datsun 240Z. Kwao Japani waliliita Fairlady Z, lilitoka mwaka 1969. Viti viwili tu, boneti ndefu kama pua ya mamba, chini yake injini ya lita 2.4 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Ukiliangalia unaona kabisa ni gari la kijana mwenye hela na barabara ya lami. Wamarekani walilinunua kwa wingi, ndio soko lililolengwa. Nissan wakalichukua wakalileta kwenye tope letu.

Na likashinda. Mwaka 1971 Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller walichukua ushindi na 240Z namba 11, nyekundu, boneti nyeusi. Ndiyo niliyojenga. Wa pili mwaka huo alikuwa kwenye 240Z vilevile, Shekhar Mehta. Huyu alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 familia yake ilikuwa kati ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin, wakaishia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari na 240Z. Alifungana pointi na Harry Källström, msuluhisho wa kanuni ukampa yeye. Fikiria, umefukuzwa nyumbani, mwaka haujapita vizuri unashinda mashindano magumu kuliko yote. Kisha akaja kushinda tena miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Jumla mara tano.

Samahani, nimechangamka. Nilikuwa sijui lolote kuhusu hayo kabla ya hili boksi. Baba alikuwa ananihadithia tope tu.

Boksi lenyewe alilinunua mdogo wangu mtandaoni, zawadi ya baba. Baba alipolifungua akakaa nalo mapajani, akaangalia zile fremu, akalifunga. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, na operesheni alikuwa anaikwepa kama mtoto anayekwepa sindano. Akanisukumia boksi: "Nijengee wewe, mwanangu. Wewe ndiye una mkono wa kushona watu."

Nikaliweka juu ya kabati. Likakaa huko karibu mwaka.

SEHEMU YA 3

Hii sehemu ni ngumu kuiandika, nisomeni taratibu.

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa salama. Mama salama, mtoto salama, kilo 3 na gramu mia mbili. Siku za mwanzo nililia lia, nikasema kawaida, homoni. Nawaambieni wenyewe kliniki kwamba kulia kwa siku chache baada ya kujifungua ni kawaida, na kwamba kukizidi wiki mbili uje tuzungumze. Zikapita wiki mbili, zikapita nne. Siku 84 za likizo ya uzazi zikaisha, nikarudi kazini, nikawa nawapima kina mama wengine presha na kuwaulizia usingizi huku mimi mwenyewe mtoto akilala silali. Nakaa kitandani naangalia ukuta. Chakula hakina ladha. Namwangalia mwanangu namwona kama mtoto wa wodini, nimhudumie vizuri, nimkabidhi.

Mwenzangu wa zamu ndiye aliyeniona. Hakunizunguka, aliniuliza tu: "Da' mkubwa, yale maswali unayowauliza wengine, umeshajiuliza mwenyewe?" Nilikasirika. Kesho yake nikaenda kwa daktari.

Ilikuwa sonona ya baada ya kujifungua. Nikatibiwa. Kuna dawa ambazo daktari akikuchagulia unaendelea kunyonyesha, na kuna mazungumzo na mtaalamu, nilipata vyote viwili. Naliandika hili wazi ili asitokee mtu akaondoka hapa akisema nesi kapona kwa kujenga kigari. Hapana. Nimepona kwa matibabu. Na wewe ukijiona hivyo, na hasa likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kesho. Mwamshe mtu aliye karibu, akupeleke hospitali usiku huo huo.

Ila kigari nacho kina sehemu yake, nami sitakinyima.

Yule mtaalamu aliniuliza: kwa siku nzima, ni kitu gani unachofanya ambacho si cha mtoto, si cha mume, si cha kazini? Nikafikiria, nikakosa. Nikasema kuoga. Akasema mlango ukiwa wazi au umefungwa? Nikanyamaza.

Usiku huo nikalishusha boksi.

Kipande cha kwanza kilikuwa kiti cha dereva. Vipande viwili, mgongo na makalio. Nikakata, nikasugua zile alama za plastiki, nikagundisha. Nikakipaka rangi nyeusi kwa brashi. Nikalala. Hii ndiyo nataka muielewe: siku ya tatu nilipokirudia, kile kiti kilikuwa bado kimepakwa rangi.

Wanaojua watanielewa. Ndani ya nyumba yenye watoto hakuna kitu kinachobaki kama ulivyokiacha. Unaosha vyombo saa mbili, saa tatu sinki limejaa. Unafua, mtoto anatapika. Unamlisha, anataka tena. Unafagia sebule huku nyuma yako kuna mtu anakula biskuti akitembea. Kazi zote hizo ni za maana, lakini hakuna hata moja inayokwambia jioni: hii umeimaliza, njoo uione. Mimi nilikuwa na kiti. Kikubwa kama punje ya karanga mbili, lakini kilikuwa kimeisha na kimebaki kimeisha.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa "mama akichoka apumzike." Apumzike wapi? Akilala anawaza. Mwingine kweli anahitaji usingizi tu, mpe usingizi, mchukue mtoto utoke naye. Lakini mwingine anahitaji mikono yake ifanye jambo lenye mwisho. Kwako inaweza kuwa kushona vitambaa, kusuka ukili, kupanda maua kwenye makopo. Kwangu imekuwa Datsun. Kazi ya modeli inabana akili kwa namna nzuri, huwezi kuwaza bili ya umeme huku umeshika kioo cha taa kwa kibano na pumzi umeizuia. Mikanda ya viti niliitengeneza mwenyewe kwa utepe wa zawadi, nikaukata wembamba kama uzi wa tambi, kwa sababu kwenye seti mikanda ilikuwa imechorwa tu. Nilitumia jioni tatu. Hakuna atakayeiona, ipo ndani ya gari. Mimi najua ipo.

SEHEMU YA 4

Sasa dada yangu uliyeuliza swali la haki, hii ni yako.

Jumamosi moja, mtoto ana miezi tisa, anatambaa kama ametumwa. Nilikuwa nafanyia kazi meza ya chakula. Kosa la kwanza hilo. Nilikuwa nakata vioo vya taa, plastiki angavu isiyo na rangi, kila kimoja kidogo kuliko kitufe cha shati. Simu ikaita, nikainuka. Kosa la pili.

Binti yangu wa miaka minane ndiye aliyesema: "Mama, mtoto hatoi sauti."

Shikeni hilo. Mtoto anayekohoa kwa nguvu na kulia, hewa inapita, mwache akohoe huku unamwangalia. Aliyekabwa kweli halii. Mdomo wazi, macho yametoka, sauti hakuna. Mwanangu alikuwa hivyo, midomo inaanza kubadilika.

Chini ya mwaka mmoja unafanya hivi. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, uegemeze juu ya paja, kichwa kiwe chini kuliko kiwiliwili, shikilia taya lake. Mpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega, mara 5, mapigo ya maana. Hakijatoka, mgeuze chali, kichwa bado chini, mbonyeze katikati ya kifua mara 5. Rudia mgongo, rudia kifua. Aliyezidi mwaka mmoja, mgongoni mara 5, kisha unamkumbatia kwa nyuma unambana tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu, mara 5. Usiingize kidole kutafuta kwa kubahatisha, utasukuma kitu ndani zaidi. Kitoe kama tu unakiona na unakifikia. Akilegea na kupoteza fahamu, mtu mwingine akimbilie usafiri na msaada, wewe anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi.

Pigo la nne. Kikatoka na mate, kikadondoka sakafuni, hata sauti hakikutoa. Akalia. Sijawahi kusikia kilio kizuri hivyo, na nimesikia vilio vya watoto wengi wakizaliwa.

Mimi mikono haikutetemeka mpaka alipolia. Baada ya hapo sikuweza kushika kikombe.

Kisha likanijia wazo baya. Kimetoka kimoja. Vilidondoka vingapi?

Plastiki ya aina ile kwa kawaida haionekani kwenye picha ya eksrei. Mtoto anaweza kuwa nacho kwenye njia ya hewa, picha ikatoka safi, akakaa anakohoa wiki nzima watu wakidhani mafua. Kwa hiyo mama, mtoto aliyepaliwa halafu akaendelea kukohoa au kupiga filimbi kifuani, mpeleke, na useme kwa maneno haya: alipaliwa na kitu siku fulani. Lisipotamkwa hilo, daktari atatibu kikohozi.

Tukampeleka jioni ile ile, akasikilizwa kifua, pande zote mbili hewa inaingia sawa. Tukarudi, nikaanza kuhesabu. Hapa ndipo zile namba za kwenye fremu ziliponisaidia. Kila kipande kina namba, kila namba ina nafasi yake kwenye karatasi ya maelekezo. Nikavipanga kwenye sinia: vilivyokwishagundishwa, vilivyobaki kwenye fremu, vilivyo mezani. Kimoja hakipo. Saa nane usiku nimekikuta kwenye pindo la khanga niliyokuwa nimevaa.

Baba watoto alisema neno moja: "Kitupe." Sikumjibu. Nikalifunga boksi kwa gundi ya karatasi, likarudi juu ya kabati, na kwa wiki tatu nilijiona mwanamke wa ovyo kuliko wote. Mbele za wenzangu nafundisha, kwangu mwenyewe mwanangu anakabwa.

Lakini nikajiuliza: ingekuwa karanga? Karanga ndizo zinazokaba watoto kila siku, na hakuna aliyeniambia niache kula karanga maisha yangu yote. Watu wanasema karanga zisiwe anapofikia mtoto. Ingekuwa sarafu, tungeacha kuwa na hela? Nikaona wazi kwamba hasira ile haikuwa ya kipande cha plastiki. Ilikuwa ya mama aliyethubutu kuwa na kitu chake. Na aliyekuwa na hasira kuliko wote ni mimi.

Nikaufuata utaratibu wa chumba cha upasuaji. Kule hakuna anayefunga tumbo la mgonjwa kabla pamba na vifaa havijahesabiwa. Vilivyoingia ndivyo vitoke, na inaandikwa. Basi nami nina daftari. Nikikaa naandika: leo nimekata vipande vinne, namba hizi. Nikiinuka nahesabu vinne. Visipotimia siinuki, hata mtu akigonga mlango. Nafanyia juu ya sinia lenye ukingo, kwenye chumba chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo, mtoto akiwa amelala na mtu mzima mwingine yuko macho. Mwisho nazima taa naweka tochi sakafuni, ilale kabisa, maana mwanga wa chini unakitia kila kipande kivuli kirefu, unaona hata kilichojificha chini ya mguu wa kiti. Hiyo ya tochi itumieni hata kwa vipande vya glasi iliyovunjika.

Na kipimo cha nyumbani, kwa vitu vyote, si modeli tu: chukua lile boksi la ndani la karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita humo ndani hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Tairi la Datsun yangu linapita.

SEHEMU YA 5

Gundi, rangi, visu. Fupi.

Gundi ya modeli na thina vina mvuke, na mvuke unaingia kichwani. Barakoa ya bluu ya hospitali haizuii mvuke, msijidanganye, ile ni ya mate na matone. Mimi natumia rangi za maji, brashi, dirisha wazi. Boneti na bodi vilihitaji spre, nikampa baba watoto akapulizia nje uani, kwenye upepo, watoto wakiwa ndani. Kama una mimba, kazi ya spre na thina mwachie mwingine kabisa, na usikae chumba kinachonuka. Kusugua nasugua na msasa wa maji, vumbi linabaki kwenye maji.

Supaglu ikikunata vidole usivivute, utachuna ngozi. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, vitaachiana taratibu. Ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi, usilazimishe kope kufunguka, nenda hospitali.

Wembe uliotumika hauendi kwenye taka za kawaida. Kopo gumu lenye kifuniko, kama tunavyofanya sindano.

Hapa sasa nakuja kwa ninachokiogopa kuliko kisu. THINA KWENYE CHUPA YA SODA. Jamani. Nimepokea watoto waliokunywa mafuta ya taa kwa sababu tu yalikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na thina ni hadithi hiyo hiyo. Mtoto anasoma chupa, hasomi lebo. Iache kwenye kopo lake, juu, pafungwe. Na ikitokea amekunywa: usimtapishe. Usimpe maziwa. Najua bibi alisema maziwa. Kutapika ndiko kunakopeleka mafuta kwenye mapafu, na maziwa yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mfute mdomo, mpeleke hospitali na kopo lenyewe ulibebe tulione.

SEHEMU YA 6

Kuhusu hela. Seti na rangi na gundi, pamoja na usafiri, ilinipita laki moja kidogo, nyingi akiwa ameshalipa mdogo wangu. Imegawanyika miezi saba. Nimewauliza hapa wangapi waume zao wanaangalia mpira kibandani kila wikendi na soda mbili, na je, kuna aliyewahi kuwaandikia "Kaka, umekosa kazi?" Nasubiri majibu.

Nanyi akina baba mnaosoma kimyakimya, najua mpo. Nusu saa ya mkeo haipatikani kwa kumwambia "wewe kaa tu, pumzika," halafu unamwita baada ya dakika tano kuuliza maziwa yako wapi. Tafuta maziwa. Baba watoto baada ya lile tukio alikuwa na kila sababu ya kushikilia "kitupe." Alipoona daftari, alikaa akasoma kurasa zote, akaniuliza: "Kwa hiyo jana ulihesabu mpaka sita?" Nikasema ndiyo. Toka siku hiyo zamu ya saa tatu mpaka saa tatu na nusu ni yake, na hata mtoto akilia ananiacha nimalize kuhesabu.

Binti yangu naye alitaka kujifunza. Nimempa vibandiko vile vya kuloweka majini, vya namba 11. Unakiloweka, kinateleza kutoka kwenye karatasi yake, unakisukuma kwa brashi mpaka mahali pake. Cha mlango wa kulia kimekaa upande kidogo. Sijakigusa.

Mwezi uliopita baba hatimaye alikubali operesheni ya jicho moja. Wiki mbili baadaye akaja kwangu, nikamwekea kigari mezani, kinang'aa, sikulala usiku wa jana yake. Akakishika kwa ncha za vidole, akakigeuza, akakisogeza karibu na jicho jipya, akakaa nacho muda mrefu mpaka nikaanza kutafuta kosa kabla yake.

"Mbona kisafi?"

"Baba, nimekisafisha mimi."

"Hili halikuwahi kuwa safi. Ukiliona safi ujue halijaondoka Nairobi."

Nimejenga miezi saba, nimepiga rangi ya mwisho ya kung'arisha mara tatu, halafu mzee anataka tope. Tumebishana mpaka chai imepoa. Nikamwambia nitaliharibu. Akasema tope haliharibu, tope ndilo lenyewe.

Jana dereva wa basi kanishushia mfuko mdogo wa nailoni, umefungwa fundo tatu. Udongo mwekundu wa Usambara, kautuma yeye. Nimeuchekecha kwa chujio la chai mpaka umekuwa laini kama poda ya mtoto. Umekaa kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya kabati, na nimeuandika kwenye daftari. Leo saa tatu usiku naanza na matairi.